Masika hii: kukimbia na mvua, bwawa au ziwani? Tulinganishe wana Mwanza

Nyegezi_Kona

Wakuu mwangaluka. Naleta mada mapema kabla mvua hazijakolea. Mimi nakimbiaga tangu 2021, nakaa Nyegezi, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima, na kila mwaka Machi ikifika inakuwa vilevile, wiki ya kwanza mvua inanizuia siku mbili, wiki ya pili siku nne, ya tatu raba ziko uvunguni mpaka Juni. Juni nikirudi barabarani ile pumzi ya Februari haipo tena, kilima nilichokuwa napanda bila kusimama nakipanda kwa kutembea mikono kiunoni. Inauma sana aisee, unajenga miezi sita mvua inabomoa miezi mitatu.

Mwaka huu nataka kukimbia kilometa 21 kwenye Rock City Marathon, inakuwaga Oktoba, kwa hiyo siwezi kukubali kuanza upya Juni. Halafu kuna goti la kulia, lilinisumbua Novemba nikapumzika wiki tatu, sasa liko sawa ila nikikimbia siku tatu mfululizo linanikumbusha.

Nilivyowaza mimi kuna njia tatu. Kuendelea kukimbia na mvua yake, kuhamia bwawa la kuogelea kwenye hoteli (niliyoulizia wanataka elfu kumi kwa kuingia mara moja), au kuogelea ziwani ambako ni bure na kutoka kwangu ni mwendo wa dakika kumi. Kuogelea najua kiasi, sizami, ila si kwa mwendo. Aliyewahi kupitia naomba muongozo.

Dada_Pasiansi

Mwangaluka kaka. Mimi nakimbia mwaka mzima, masika yote, na sijawahi kuona sababu ya kuacha. Mvua yetu hainyeshi kutwa, tatizo watu wanaangalia dirishani saa kumi na moja wanaona inanyesha wanarudi kulala, saa moja imeshakata. Mimi nikiamka inanyesha nakaa nimevaa kabisa, nakunywa chai ya rangi, ikipungua kuwa manyunyu natoka. Siku nyingine natoka saa kumi na mbili, nyingine saa mbili kasoro, Jumamosi hata saa nne.

Kitu kimoja tu ndo sina utani nacho, RADI. Ngurumo ikisikika, hata ya mbali huko ziwani, sitoki, na kama niko njiani naingia kwenye nyumba au duka lililo karibu, si chini ya mti. Nasubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Huku ziwani radi ni nyingi mno, na ngurumo za alfajiri zikitokea upande wa maji zinafika mjini muda si mrefu.

Njia nayo chagua. Mimi nakimbia barabara ya Airport kwa sababu ni tambarare na maji yanaondoka. Usithubutu kupita Mabatini au karibu na mto Mirongo wakati mvua imepiga usiku, maji yakifunika barabara huoni mtaro uko wapi na mingine haina mfuniko. Mwezi wa nne mwaka juzi nilimuona kijana mbele yangu kakanyaga dimbwi akidhani ni la kawaida, mguu ukazama mpaka pajani. Tukamtoa, mfupa wa mbele umechubuka mpaka mweupe unaonekana. Tangu siku hiyo dimbwi ambalo sioni chini yake nalizunguka, hata kama litanipeleka mpaka upande wa pili wa barabara.

Raba ziwe mbili za kupokezana. Ukirudi toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, baada ya saa mbili yatoe weka mengine, kesho yake zimekauka. Usizianike karibu na jiko la mkaa, gundi inaachia. Na pakaa mafuta ya mgando kwapani na mapajani maana nguo ikilowa inachuna ngozi vibaya. Ni hayo tu, hiyo elfu kumi kula sato.

MwanaMwalo

Mimi ni mzaliwa wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, baba yangu mvuvi na mimi nimevua miaka saba. Sijawahi kulipia maji ya kuogelea maisha yangu na siwezi kulipia leo. Ziwa lipo kaka, unaingia, unavuta mikono nusu saa, unatoka kifua kimefunguka. Jamaa wa mwaloni waangalie mabega yao, hawajakanyaga jim hata siku moja. Cha muhimu usiingie kwenye magugu na matete maana huko ndo kuna viboko na mamba, usiingie peke yako, na ukiona mawimbi yanavunja weupe acha. Asubuhi ziwa linatulia, mchana upepo unageuka unatoka majini kuja nchi kavu linachafuka. Ingia asubuhi.

Maabara_Ilemela

Naomba nimjibu MwanaMwalo kwa heshima kabisa maana hili naliona kazini kila wiki. Ya viboko na mawimbi umesema kweli, ila umeruka kitu kinachoumiza watu wengi zaidi ya viboko, nacho ni kichocho.

Kichocho cha ziwani kwetu zaidi ni kile cha tumbo. Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia pembeni ya maji mayai yanaingia ziwani, yanaanguliwa, yanaingia kwa konokono wadogo wanaoshika kwenye magugu na mawe ya ufukweni, huko yanazaliana, kisha vinatoka vijidudu vya kuogelea ambavyo kwa macho huvioni. Vikikupata vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, havihitaji jeraha. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kama saa nne mpaka saa nane mchana, kwa hiyo asubuhi hatari inapungua lakini HAIISHI, vinaweza kuishi majini siku nzima na zaidi. Na masika ndo kabisa, mvua inasomba vyoo na mitaro yote ya milimani inaleta ziwani, hapo ongeza taifodi na kuhara.

Ugumu wake ni kwamba haumi leo. Unaweza kuwashwa kidogo siku ya kwanza, baada ya wiki kadhaa homa unayodhani ni malaria, halafu kimya. Anakuja mtu wa miaka arobaini tumbo limejaa, bandama kubwa, ini limeharibika, anatapika damu, ukimuuliza anasema mimi nimeogelea ziwani tangu mtoto sijawahi kuumwa. Inaniuma kila nikiandika hayo majibu, kwa sababu dawa ipo, prazikwanteli, unameza kwa uzito wako na inamaliza siku moja.

Kwa aliyeingia ziwani, usikimbilie kupima kesho yake. Mayai kwenye choo yanaanza kuonekana wiki sita hadi nane baadaye, na hiyo dawa inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga haiui. Subiri huo muda, pima, umeze. Na ukirudi majini unaambukizwa upya, dawa si chanjo.

MwanaMwalo

Maabara nimekusoma na nimetulia. Dawa tulimezeshwa shuleni, tangu hapo sijapima. Nitapima wiki hii kweli. Ila na nyie mtuelewe, mtu ambaye maji ni kazi yake hawezi kuacha kuyaingia, na kule kwenye kina, mbali na magugu, konokono hakuna, tunarukia hukohuko kutoka kwenye mtumbwi.

Maabara_Ilemela

Hapo uko sahihi, katikati kwenye kina hatari ni ndogo sana kuliko ufukweni. Shida ni kwamba huyu wa Nyegezi hana mtumbwi, ataingia kwa miguu pale pale kina mama wanapofulia na ng'ombe wanaponyweshwa. Na anayeogelea kwa kiasi hatumpeleki kwenye kina bila boya la kuokolea na mtu wa kumwangalia. Wewe wa mwaloni pima mara moja kila mwaka, hilo tu naomba.

Kocha_Kirumba

Nimefundisha vijana miaka mingi, nichangie upande wa bwawa maana naona Dada Pasiansi amelifunga mapema.

Kwanza tuelewane, kuogelea hakutakupa miguu ya kilometa 21. Majini uzito wako unabebwa na maji, ndo maana goti linapumzika, lakini kwa sababu hiyohiyo mifupa na kano hazipati vile vishindo vinavyozifanya zikaze. Muogeleaji mzuri ukimpeleka barabarani ghafla pumzi anayo ila mashavu ya miguu yanamkataa kilometa ya nne. Kwa hiyo ukihamia bwawani miezi mitatu mizima Juni utakuwa na moyo mzuri na miguu migeni, na hapo ndo watu wanaumia.

Ila kwa pumzi bwawa ni dawa. Makocha wengi wanahesabu mita 100 za kuogelea ni kama mita 400 za kukimbia kwa jasho linalotoka, siyo hesabu ya kupimia dhahabu lakini inasaidia kupanga. Usishangae mapigo ya moyo kuwa chini kidogo kuliko barabarani kwa juhudi ileile, maji yanasukuma damu irudi kwenye moyo na yanapoza mwili.

Sasa kwa goti lako kuna kitu kizuri zaidi ya kuogelea kwenyewe, KUKIMBIA MAJINI. Nenda sehemu maji yanakufika kifuani, unakimbia kabisa, goti juu, kiwiko kimekunjwa, mgongo wima usiinamie mbele. Dakika tano polepole, halafu dakika moja kwa nguvu, moja ya kupumua, rudia mara kumi. Ukitoka hapo miguu inatetemeka na goti halijapigwa kama linavyopigwa barabarani. Watu watakuangalia, waache waangalie.

Na mnaodhani mazoezi yasiyo makamilifu hayana maana, ukisimama kabisa, wiki mbili tu pumzi inaanza kushuka. Lakini ukibaki na siku mbili za nguvu kwa wiki unaweza kuishikilia ile uliyojenga muda mrefu. Siku mbili, hazishindikani hata kwa masika ya namna gani. Simbu, Mtanzania mwenzetu, alipochukua dhahabu ya dunia ya marathon Tokyo 2025 alimpita yule Mjerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kilometa 42, mimi vijana wangu nawaambia hiyo tofauti inaweza kuwa ni Jumanne moja ya mvua ambayo mtu alitoka.

Bwawa lenyewe likague kabla hujalipa. Simama ukingoni, kama huoni vizuri vigae vya chini kwenye kina, ondoka. Maji yenye klorini ya kutosha hayana kichocho, ila maji ya kijani hata yakiwa ya hoteli kubwa usiingie.

Nyakato_Helsinki

Wabheja sana kwa hii mada, mnanikumbusha nyumbani. Mimi mtoto wa Nyakato, niko Finland mwaka wa nne sasa, niwape ya huku maana mvua ya Mwanza mtaipenda.

Desemba huku jua linatoka saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa na robo alasiri limezama. Unaenda kazini giza unarudi giza. Mwaka wa kwanza sikukimbia hata siku moja kuanzia Novemba mpaka Aprili, nikaongezeka kilo tisa na nikawa mzito hata moyoni, nilikuwa nakaa kwenye kitanda naangalia theluji. Mwaka wa pili jirani mmoja mama mtu mzima alinigongea akanipa kiakisi mwanga, kile cha kuning'iniza kwenye koti gari likuone, huku ni sheria kutembea nacho gizani, akaniambia kesho saa kumi na moja jioni tunatoka. Tukatoka. Mpaka leo kiko kwenye mfuko wa koti langu, plastiki nyeupe umbo la nyota, imechunika ncha moja.

Nguo unavaa kana kwamba kuna joto la digrii 10 zaidi ya lililopo, yaani ukitoka mlangoni usikie baridi, la sivyo dakika ya kumi jasho linalowa ndani halafu linakugandisha. Barafu ikikaza raba zinakuwa na vijino vya chuma chini, hatua fupi, hakuna kukata kona kwa kasi. Ikishuka sana nahamia bwawa la ndani la manispaa, nanunua kadi ya kuingia mara kumi, hiyo ndo ilinisaidia kwa sababu ukishalipia unaenda. Nyegezi ulizia hoteli hiyo kama wanatoa punguzo ukilipia mara nyingi kwa pamoja, usilipe elfu kumi kumi.

Kuna wanaoogelea kwenye tundu la barafu pia, maji yako karibu na sifuri. Nimeingia na wenyeji, kwa ngazi polepole, sekunde ishirini natoka. Ukiruka pumzi inakukatika ghafla unavuta maji, hilo linaua hata wanaojua kuogelea.

Dada_Pasiansi

Kocha umenifundisha, hilo la kukimbia majini sikulijua, nina shoga yangu kifundo cha mguu kinamsumbua nitampeleka. Lakini bado nasema asiye na hela ya bwawa asijione amekosa. Na kina dada wanaosoma, alfajiri ya mvua barabara inakuwa tupu na giza linachelewa kuondoka, mimi sitoki peke yangu. Tuko wanne, tunakutana kwenye taa, asiyefika tunampigia.

Nyegezi_Kona

Wakuu nimesoma yote mara mbili. Ziwani nimefuta, na nakiri Desemba niliingia Luchelele na watoto wa kaka yangu, kwa hiyo nitaenda nao kupima, wiki nane zimeshapita.

Nimepiga simu hotelini mchana huu. Ukilipia mara nane kwa mkupuo wanafanya elfu saba. Nitaenda kila Jumatano jioni, nusu kuogelea nusu ile ya kukimbia kifuani. Kukimbia itakuwa Jumatatu na Ijumaa kwa hapa Nyegezi mvua ikiruhusu, na Jumamosi ndo ndefu. Kocha goti likianza kulalamika nahamisha Ijumaa iende majini, sawa?

Dada Pasiansi, hiyo Jumamosi mnaanzia wapi? Mimi na mke wangu tunaweza kuja na daladala ya kwanza.

Kocha_Kirumba

Sawa kabisa. Ijumaa majini, usisubiri liume, likianza kukaza tu.

Dada_Pasiansi

Karibuni sana shemeji aje. Saa kumi na mbili kamili, geti la uwanja wa Kirumba, tunaenda upande wa Airport kilometa tano tunarudi. Kukiwa na ngurumo tunakaa hapohapo kwenye kibanda cha mama wa chai mpaka ipite. Mje na nguo kavu kwenye mfuko wa nailoni.