Dola 45 kwa kichwa kwenda Turnbull kwa baiskeli: tumedanganywa, na wanyama wamesumbuliwa. Rudisha pesa za watu

Wakuu, salaam. Nimekaa kimya siku nne nikisubiri jibu la kiungwana. Halijaja, kwa hiyo naandika. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Naishi Spokane, jimbo la Washington, Marekani. Waswahili huku tupo: Wakongo, Warundi, Wakenya, na sisi Watanzania wachache. Mwanzoni mwa Julai mratibu mmoja wa matembezi alitangaza kwenye kundi letu la WhatsApp safari ya baiskeli kwenye njia ya Columbia Plateau, ile reli ya zamani inayokatiza hifadhi ya wanyama ya Turnbull. Tangazo lake ninalo mpaka leo: lami mwanzo mwisho, baiskeli za milimani zipo, maji yapo, maegesho yamelipiwa, hata bibi anaweza. Nikalipia watu watatu: mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 13. Jumla tulikuwa 14. Pigeni hesabu wenyewe, dola 630.

Nianze na lami. Lami ya njia ile ni maili 3.75 tu, kama kilomita 6, kutoka Fish Lake hadi mji wa Cheney. Ukishavuka Cheney kwenda kusini ni kokoto, na kuna mahali zimelegea mpaka usukani unakataa kushikika. Njia nzima ina maili 130, inashuka hadi upande wa Pasco, na huko mbele zipo sehemu ambazo bado ni mawe ya tuta la reli, hazijatengenezwa. Si siri hii. Idara ya hifadhi za jimbo imeyaeleza yote. Mtu anakusanya pesa za watu 14 halafu hajasoma hata ukurasa mmoja kuhusu njia anayoiuza?

Baiskeli za milimani alizotuahidi zilikuwa nne. Sisi wengine tulipewa za mjini, tairi nyembamba, nyingine vipara. Mzee wetu mmoja kutoka Bukavu, mtu mzima wa miaka 61, alipewa yenye breki ya nyuma tu. Nilipouliza nikaambiwa, "Kaka, ni tambarare, hamtaihitaji." Kweli ni tambarare, treni haipandi milima. Lakini breki si ya milima peke yake.

Halafu mbigili. Wakuu, mbigili ileile ya kwetu, ile ya kutoboa kandambili, imejaa mashariki ya Washington. Si mmea wa Marekani, ulikuja kutoka ng'ambo, na jimbo limeuweka kwenye orodha ya magugu hatari. Mwishoni mwa Julai mbegu zinaanza kukauka na kumwagika pembezoni mwa njia na kwenye maegesho. Mwendesha baiskeli yeyote wa huku anajua, anatembea na tyubu mbili za akiba au tairi zenye dawa ya kuziba ndani. Mratibu wetu alikuwa na tyubu moja kwa baiskeli 14, na pampu ambayo kichwa chake hakikuingia kwenye midomo ya tyubu za zile baiskeli za mjini. Tulipata pancha tano kabla ya saa sita mchana. Hakuna kiraka, hakuna solusheni, hakuna kitu. Akina dada wawili walisukuma baiskeli kwa miguu kurudi Cheney kwenye joto la nyuzi 35. Maji aliyoahidi ni katoni moja ya chupa ndogo, ikaisha mapema, na tangu tuondoke Cheney sikuona bomba hata moja.

Njia yenyewe haina kosa, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Reli hii ya Spokane, Portland na Seattle ilijengwa kati ya 1905 na 1909. Mahali pengi wamepasua mwamba mweusi wa volkeno, unapita katikati ya kuta mbili zilizonyooka kama zimekatwa kwa kisu. Binti yangu akauliza kwa nini miamba iko uchi namna hii, udongo umeenda wapi. Mratibu hakuwa na la kusema. Nikamweleza mimi, kwa yale niliyosoma usiku wa kuamkia safari: enzi za barafu, ziwa kubwa la huko Montana, lililozuiwa na ukuta wa barafu, lilikuwa likiubomoa ukuta huo tena na tena, maji yakashuka kwa kishindo na kukwangua udongo wote mpaka mwambani, na mashimo yaliyobaki ndiyo haya madimbwi na vinamasi vya Turnbull, zaidi ya 130. Wakulima walipofika walichimba mitaro wakavikausha, ndege wakapungua. Watu wa Spokane ndio waliopiga kelele, na mwaka 1937 Rais Roosevelt akapatangaza kuwa hifadhi. Maji yakarudishwa. Leo unaendesha katikati ya misonobari, bata wamejaa pande zote mbili. Binti yangu alinyamaza kwa furaha, na si kawaida yake.

Sasa nisikilizeni hapa. Sheria ya hifadhi ni nyepesi: ukiwa kwenye njia, baki kwenye njia. Sehemu kubwa ya Turnbull imefungwa makusudi ili viumbe vipate pa kulelea watoto. Tukiwa ndani ya hifadhi tukamwona musi, kulungu mkubwa kuliko wote duniani, mrefu kuliko farasi. Jike na ndama wake, wanakula majani ya majini kama hatua 70 kutoka kwetu. Tulisimama wote. Hiyo peke yake ilitosha kulipa safari.

Mratibu akashuka kwenye njia. Akaita watu wamfuate, eti wapate picha nzuri ya ukurasa wake. Vijana watatu wakamfuata majanini. Yule mama akainua kichwa, akalaza masikio nyuma, manyoya ya mgongoni yakasimama. Hiyo ndiyo lugha yake, anakwambia rudi. Musi mwenye ndama anaweza kuua mtu kwa kwato za mbele. Nilipiga kelele warudi, mke wangu akamshika binti yetu wakajificha nyuma ya msonobari. Vijana walirudi mbio. Yeye alipiga mluzi ili mnyama ageuke kwenye kamera! Mama akamsukuma ndama wake, wakakimbilia ndani ya maji mpaka hatukuwaona tena.

Nimeishi karibu na mbuga nyumbani. Ningekuwa Mikumi, mtu huyo angeshushwa kwenye gari na askari palepale. Kwa nini tukifika ugenini tuwafanyie wanyama tusichothubutu kuwafanyia wa kwetu?

Tuliporudi kwenye magari, mwenzetu mmoja akakuta karatasi kwenye kioo. Faini ya dola 99. Maegesho yale yanahitaji kibali cha jimbo, dola 10 kwa siku, na maegesho "yaliyolipiwa" hayakuwa yamelipiwa. Jamaa huyu anafanya kazi ya usiku ghalani na ana watoto wanne.

Jioni nilimwandikia kwa adabu, nikimwita ndugu. Akajibu, "Mlitaka porini, porini ndiyo kulivyo," kisha akanitoa kwenye kundi. Mke wangu bado yumo, na anaona tayari ametangaza safari nyingine ya Agosti, njia ileile, maneno yaleyale, bei imepanda hadi dola 55. Picha ya tangazo ni yule musi na ndama wake.

Sitaji jina lake hapa, anajijua, na wa Spokane mnamjua. Nataka arudishe dola 45 za kila mmoja, alipe ile faini ya 99, na afute ile picha. Namsubiri mpaka Jumapili jioni. Baada ya hapo napeleka risiti, tangazo na video ya binti yangu kwa walinzi wa hifadhi, maana video inamwonyesha akiwa majanini, nje ya njia.

Mliowahi kusafiri naye kabla yetu, andikeni hapa mlilipa kiasi gani na mlipata nini. Na kama kuna aliyelipia ya Agosti, asiende kabla hajaziona hizo baiskeli kwa macho yake.