Je, kompaila inayolenga mashine moja inahitaji uwakilishi wa kati?

Swali
Ndugu wataalamu, habari za leo. Ninaandika kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za mashine, ya lugha ndogo kama mradi wa mwaka wa mwisho, na hadi sasa inapita kwenye mti wa sintaksia (mchoro wa muundo wa msimbo) na kutoa papo hapo amri za prosesa ya x86-64. Nilipotaka programu zilezile ziende kwenye prosesa ya ARM, niligundua kwamba sehemu kubwa ya kazi lazima iandikwe upya, kwa kuwa majina ya rejista, yaani vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa, yametapakaa kila mahali. Msimamizi wangu ananishauri niweke uwakilishi wa kati, yaani umbo la programu lililo kati ya mti na amri za mashine, lisilofungwa na prosesa yoyote. Faida yake kwa anayehamia mashine nyingine naielewa, lakini je, anayebaki na mashine moja ananufaika na nini?

Jibu la kwanza
Ndugu yangu, hoja ya kuhama ni kongwe. Mwaka 1958 lilitolewa pendekezo la UNCOL, lugha moja ya kati ya kuunganisha lugha zote na mashine zote, ili lugha 3 na mashine 4 zihitaji vipande 7 badala ya kompaila 12. Kwa maoni yangu, hata hivyo, faida kubwa zaidi iko kwingine, nayo utaipata hata usipohama.

Chukua x = (a + b) * (a + b) - c. Mti wako una matawi mawili yanayofanana, na kila tawi linatoa amri zake bila habari ya mwenzake. Iandike hatua kwa hatua:

t1 = a + b
t2 = a + b
t3 = t1 * t2
x = t3 - c

Kwa kuwa a na b hazikubadilishwa katikati, mstari wa pili unafutwa na t3 inakuwa t1 * t1. Kwenye ARM ya biti 64 iliyobaki ni add, mul na sub, basi. Kwenye x86-64, add huandika jibu juu ya mojawapo ya namba inazojumlisha, ndiyo maana kompaila nyingi hutumia lea, amri iliyokusudiwa kukokotoa anwani za kumbukumbu, ili a na b zibaki salama. Uamuzi wa namna hiyo ni wa hatua ya mwisho kabisa. Usiuruhusu upande juu.

Jibu la pili
Naunga mkono, na ninaongeza suala la rejista, ambalo ndilo lililokutesa. Katika uwakilishi wa kati unaweza kuwa na t nyingi upendavyo, ilhali x86-64 ina rejista 16 tu za matumizi ya jumla, na moja kati ya hizo, rsp, inalinda staki (eneo la kumbukumbu la data za muda). Kila t lazima ijulikane inazaliwa mstari gani na inatumika mara ya mwisho wapi. Gregory Chaitin na wenzake wa IBM, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walilitatua kama tatizo la kupaka rangi, kila rangi ikiwa rejista moja: t mbili zinazoishi wakati mmoja hazipewi rangi moja, na rangi zikiisha, mojawapo inahamishiwa kwenye kumbukumbu. Mistari iliyonyooka inakuonyesha maisha hayo waziwazi, mti unayaficha.

Wapo watakaokushauri uikabidhi LLVM, mkusanyiko wa zana huria za kujengea kompaila, kazi yote. Ni chombo bora sana, lakini kitakufanyia hasa sehemu unayopaswa kujifunza.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Sasa, ikiwa x inapewa thamani moja ndani ya «kama» na nyingine ndani ya «la sivyo», mbele nitumie t ipi?

Jibu la kwanza
Yape matokeo majina mawili, x1 na x2, kisha pale njia zinapokutana andika x3 = phi(x1, x2), yaani x3 inachukua thamani ya njia iliyopitwa. Hakuna amri ya prosesa iitwayo phi. Kabla ya kutoa msimbo wa mashine, iondoe kwa kuweka mwishoni mwa kila njia mstari wa kunakili, x3 = x1 upande mmoja na x3 = x2 upande wa pili; na ugawaji wa rejista ukifanikiwa kuzipa zote tatu rejista ileile, minakilo hiyo nayo inafutika.