Tairi za misimu yote zenye M+S zinatosha winta ya Minnesota au nitafute za winta kabisa?

mamaK_mn
Habarini wadau wa ughaibuni, naombeni msaada hasa nyie mlioshazoea baridi ya huku. Nimehamia Minnesota mwezi wa nne kutokea Texas, nina Corolla ya 2017 nimeinunua mtumba na tairi zake ni hizi za misimu yote, ubavuni zimeandikwa M+S. Kazi yangu ni ya usiku kwenye nyumba ya wazee, natoka nyumbani saa tano usiku narudi saa moja asubuhi, muda ambao greda za theluji mara nyingi hazijapita mitaani kwetu, na siwezi kupiga simu kusema leo siji kisa theluji maana wale wazee wanaachwa na nani. Walioniuzia gari walisema M+S ni matope na theluji kwa hiyo niko sawa tu, mwenzangu wa kazini anasema nisithubutu. Duka la tairi wamenitajia kama dola 800 tairi nne na kufunga, na mwezi huu nina ada za wadogo zangu Tabora. Anayejua kweli anisaidie, tofauti ni kubwa kiasi hicho au ni biashara tu?

Fundi_Kombo
Dada karibu Minnesota na pole na majukumu. Nafanya kazi ya tairi huku miaka mingi, nikwambie ninachokijua.

Hiyo M+S isikupe amani. Ile alama inatolewa kwa kuangalia umbo la kashata na mifereji yake tu, hakuna anayelazimika kuipeleka tairi kwenye theluji kuipima. Alama ya kutafuta ni ile ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kitone cha theluji, hiyo ilianza 1999 na tairi haiipati mpaka ipimwe kwenye theluji iliyoshindiliwa na ishike vizuri kuliko tairi ya kulinganishia. Na hata hiyo ujue wanapima gari inavyoondoka, hawapimi kona wala barafu.

Kitu kikubwa ni mpira wenyewe. Mpira wa misimu yote umetengenezwa ustahimili joto la Texas pia, sasa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi unaanza kukakamaa na huku Januari tunafika hasi 20 na zaidi, hapo unakuwa kama mche wa sabuni, unapita juu ya barabara bila kuishika. Wa winta unabaki laini, na kashata zake zina vichanjo vidogo vidogo vingi vinavyouma barafu, halafu mifereji mipana inabeba theluji, na theluji inashikana na theluji mwenzake, ndio maana unaona tairi ya winta imejaa nyeupe na gari inakwenda.

Kabla hujatoa hela pima kina. Chukua kwota, ile sarafu ya senti 25, ingiza kichwa cha Washington kikiangalia chini kwenye mfereji, kama unakiona kichwa chote basi umebaki chini ya 4/32 ya inchi. Sheria ya majimbo mengi inakuruhusu mpaka 2/32 lakini hiyo ni hesabu ya kukwepa faini, kwa theluji mimi chini ya 6/32 simruhusu mtu wangu. Na angalia tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 2317 ni wiki ya 23 mwaka 2017, kama ndio zile zilizotoka na gari kiwandani mpira umeshazeeka hata kama kashata zipo.

chillo612
Fundi nakuheshimu ila natofautiana kidogo. Mimi niko Minneapolis miaka yote natembelea misimu yote na sijawahi kuingia mtaroni, barabara kubwa zinasafishwa fasta na chumvi inamwagwa, watu tunatishana tu. Foo-wili ya Subaru inatosha, dada aendeshe polepole basi.

Fundi_Kombo
@chillo612 sikatai kaka, kwa mtu wa mchana anayepita barabara kubwa na tairi zake bado mpya inawezekana kabisa. Ila dada anasema usiku na mitaa haijasafishwa. Na ile chumvi ya kawaida ikishafika kama hasi 9 inakuwa haiyeyushi kitu cha maana, usiku wa Januari tunapita hapo sana. Halafu foo-wili inakusaidia kuondoka, kwenye kusimama gari zote zina breki magurudumu manne, kinachokusimamisha ni tairi. Kuondoka kwenye mataa sio shida yetu, shida ni yule mtoto anayevuka mbele yako.

bukavu_qc
Jambo mama. Miye niko Québec, Kanada, huku serikali njo ilishakata maneno, tangu tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi gari lazima ivae tairi za winta zenye ile alama ya mlima, ukikamatwa bila hizo faini ni kati ya dola 200 na 300 za huku. Zamani ilikuwa inaanza 15 Desemba, mwaka wa 2019 wakarudisha nyuma kwa sababu theluji haingojei. Na Ujerumani vilevile, tangu Oktoba 2024 M+S peke yake haihesabiwi tena kuwa tairi ya winta. Serikali mbili haziwezi kusumbua watu hivyo kwa ajili ya biashara ya maduka. Nunua mama, wale wazee wanakungoja.

mamaK_mn
Asanteni sana jamani. Nimetoka nje na kwota sasa hivi, za mbele kichwa kinaonekana chote 😢 za nyuma afadhali kidogo. Sasa nikinunua mbili tu za mbele si ndiko injini inakovutia? Mbili nyingine mwezi ujao.

Fundi_Kombo
Hapana dada, hilo usilifanye hata kwa mwezi mmoja. Mbele zikishika na nyuma zisishike, ukikanyaga breki kwenye kona mkia unapita mbele na unajikuta unaangalia ulikotoka. Nne kwa pamoja. Kama hela inabana kuna za hali zote za hewa, sio hizo za misimu yote, hizi zina alama ya mlima na unakaa nazo mwaka mzima bila kubadilisha, mfano Michelin CrossClimate 2 au zile za Nokian WR, hao Nokian ni Wafini, walitoa tairi ya winta ya malori toka 1934. Kwenye barafu tupu hazifikii za winta halisi ila kwa hali yako ni hatua kubwa, na unanunua seti moja badala ya mbili. Maduka mengi wanakubali kulipa kidogo kidogo, uliza riba kwanza.

njoro_ontario
Sasa dada. Fundi amemaliza ya tairi, mimi naongeza upepo. Kila joto likishuka digrii 10 za Farenhaiti unapoteza karibu PSI moja, hicho ndicho kipimo cha presha ya upepo, so ukijaza ndani ya gereji yenye 70 na nje ni sifuri, umeshapoteza kama 7. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, jaza kile kipimo kimeandikwa kwa mlango wa dereva, usifuate ile namba ya kwa tairi. Ukifunga breki usikie pedali inatetemeka usiachie mguu, hiyo ni ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi yake. Piga simu bima pia, huku Ontario tangu Januari 2016 ni lazima wakupunguzie ukiweka za winta, huko kwenu uliza tu. Na tafadhali, ukikwama kwa theluji na injini inawaka toka kwanza uangalie egzosi haijazibwa, ile moshi ikirudi ndani inaua mtu akiwa amelala.

Fundi_Kombo
Hilo la egzosi watu wengi hawalijui, asante kaka. Dada soma namba za ubavuni uziandike hapa, Corolla LE ya 2017 huwa inavaa 205/55R16 lakini matoleo yanatofautiana, ukiziweka nitakuangalizia bei kabla hujarudi pale dukani.