Mbinu za kufufua mbuga za North Dakota: je, zitafaa kwa mikoko ya Port Reitz?

MkaaMiritini ameuliza:

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Kikundi chetu kinatunza mikoko ya upande wa Miritini, kwenye hori la Port Reitz, Mombasa, na kwa sasa tunaandaa pendekezo la kufufua vipande viwili vya ardhi ambavyo vimebaki tupu. Kipande cha kwanza kiko karibu na mkondo wa maji, na mtu akilifukua tope lake maji yanayojaa shimoni huelea utando wa mafuta. Wazee wetu wanaihusisha hali hiyo na mafuta yaliyomwagika bandarini miaka iliyopita. Kipande cha pili kiko ndani zaidi, kuelekea mto Mwache, nacho kimefunikwa na udongo mwekundu ulioteremshwa na mafuriko.

Mfadhili mmoja ametukabidhi kijitabu kinachoeleza jinsi mbuga za nyasi na vinamasi vya North Dakota, Marekani, vinavyorejeshwa baada ya kuharibiwa na visima vya mafuta na migodi ya makaa ya mawe. Kwa ufupi, udongo hunyunyiziwa jasi (unga wa madini wenye kalisiamu), husafishwa kwa maji matamu, kisha hupandwa nyasi za asili. Angependa pendekezo letu lionyeshe jinsi tutakavyozitumia mbinu hizo, kwa kuwa zimejaribiwa kwa miaka mingi. Mimi si mtaalamu wa udongo, lakini jambo la kumwaga jasi mahali ambapo bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku limenitia shaka. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni lipi la kule linaloweza kutufaa, na ni lipi tuliache.

MaalimTudor amejibu:

Ndugu MkaaMiritini, shaka yako ina msingi, na ili tuuone msingi huo yatupasa kwanza tufahamu ni kitu gani hasa kilichoziua nyasi za kule.

Ukanda unaoelezwa na kijitabu chako umejaa vidimbwi vingi mno vilivyoachwa na barafu kuu ilipoyeyuka na kurudi kaskazini zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Vingi havina mkondo wa kutokea: maji huingia kwa mvua na theluji, na hutoka kwa kukauka au kwa kupenya ardhini. Pembezoni mwake huota matete na jamii za ndago, na mimea hiyo imezoea maji matamu au yenye chumvi kidogo. Sasa, kisima cha mafuta katika Bakken, eneo la mafuta la huko North Dakota, hakitoi mafuta peke yake. Hutoa pia maji ya kale yaliyokuwa yamefungwa kwenye miamba, ambayo lita moja yaweza kuwa na zaidi ya gramu 300 za chumvi, ilhali bahari yetu ina gramu 35 hivi. Maji hayo yakimwagika, mimea hufa kwanza kwa kiu, kwa sababu mizizi haiwezi tena kuvuta maji kutoka kwenye udongo wenye chumvi kuishinda. Baadaye hufuata balaa la pili, na hili ndilo linaloletewa jasi: sodiamu hushika nafasi ya kalisiamu kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi, chembe hizo hutawanyika, na vitundu vya kupitisha maji na hewa huziba. Jasi hurudisha kalisiamu, sodiamu hufunguka, na maji matamu huiteremsha chini, mbali na mizizi.

Uvujaji wa aina hii waweza kuendelea kwa muda mrefu bila kutambuliwa. Mnamo Januari 2015 iligunduliwa karibu na mji wa Williston kwamba bomba la maji hayo lilikuwa limepasuka na maji yake kuingia katika kijito cha Blacktail. Makadirio ya kwanza yalikuwa galoni milioni 3 hivi. Lakini kesi ilipofikia suluhu mwaka 2021, ilikuwa imebainika kwamba bomba lilivuja tangu Agosti 2014 na kwamba jumla ilikuwa galoni milioni 29, yaani zaidi ya lita milioni 100. Penye chumvi ya kiasi hicho, ndago hutoweka na mahali pake hushikwa na mimea mifupi yenye mashina manono, ambayo jamaa zake utawaona hata huku kwetu, kwenye nyangwa zilizo nyuma ya mikoko ambazo maji ya bahari huzifikia wakati wa bamvua tu, yaani siku bahari inapojaa kupita kawaida.

Kwenu chumvi haikuwahi kuwa adui. Kati ya aina za miti ya mikoko, mchu huitoa kupitia majani yake, na ule uitwao mkoko hasa huichuja mizizini kabla haijaingia mwilini. Hata mkifanikiwa kuiondoa sodiamu leo, maji yakijaa jioni yataleta nyingine. Fedha za jasi ziondoeni katika pendekezo.

Katika kipande chenu cha kwanza tatizo ni pumzi. Mizizi ya mikoko imo katika tope lisilo na hewa, kwa hiyo mti hupumua kupitia vitundu vidogo vilivyo kwenye magome ya mizizi ya juu na kwenye vipumulio vinavyochomoza topeni. Mafuta mazito yakivifunika vitundu hivyo, mti hukosa hewa, hudondosha majani na kufa. Yaliyobaki huzama kupitia mashimo ya kaa, na kwa kuwa huko chini hakuna hewa, vijidudu vinavyokula mafuta hufanya kazi kwa uvivu mkubwa. Mwaka 1986 tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta lilipasuka katika ghuba ya Bahía Las Minas nchini Panama, na zaidi ya lita milioni 8 zikaingia baharini. Miaka mingi baadaye mafuta yalikuwa bado yakichuruzika kutoka kwenye tope la mikoko. Hapa petu, mwaka 1988, tangi lilitoboka na tani zipatazo 5,000 zikaingia upande wa Makupa, na mwaka 2005 ikafuata meli iliyomwaga mafuta ghafi humo humo bandarini. Kwa hiyo wazee wenu wana haki ya kushuku kwamba wanachokinusa ni cha zamani.

BintiGazi amejibu:

Maalim amelieleza suala la udongo vizuri, nami naongeza suala la mbegu, kwa sababu hapo ndipo mbuga na mikoko hutengana zaidi ya watu wanavyodhani.

Udongo wa mbuga ni ghala. Mbegu za nyasi na za mimea ya vinamasi zaweza kulala ardhini miaka mingi, na maji au mwanga ukirudi huamka. Ndiyo maana wenzetu wa kule huuthamini mno udongo wa juu, na huudhuru sana wakiurundika mahali pamoja kwa muda mrefu kabla ya kuurudisha. Mikoko haina ghala la namna hiyo. Tunda la mkoko huchipua likiwa bado juu ya mti, huanguka likiwa mche tayari, na uhai wake majini huhesabiwa kwa wiki na miezi. Mikoko iliyokufa yote mahali pamoja haiachi akiba yoyote topeni. Itategemea miti mama iliyo hai jirani, pamoja na mkondo wa maji usiozibwa wa kuleta mbegu zake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kununua mche mmoja, tembeeni kwenye kile kipande chenye udongo mwekundu baada ya bamvua mkaangalie kama mbegu zinafika zenyewe. Zikifika zikaota kisha zikafa, kasoro imo ardhini. Zisipofika kabisa, huenda kuna tuta, barabara au lundo la mchanga linalozuia maji, nanyi kazi yenu ya kwanza itakuwa kufungua njia. Huku kwetu Gazi, pwani ya Kwale, miti ilianza kupandwa na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi mwaka 1991, na tangu 2013 jamii inauza hewa ya kaboni, yaani inalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Lakini jambo ambalo wageni hawalioni wanapopiga picha za upandaji ni muda unaotumika kuchagua mahali na aina ya mti. Mlilana hukaa mbele, karibu na bahari. Mkoko hufuata, kisha msinzi na mkandaa, na mchu hustahimili ardhi ya juu inayofikiwa na maji kwa nadra. Vikundi vingi hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu na huchomekwa topeni bila taabu, na hilo, kwa maoni yangu, limeangamiza miche mingi kuliko mafuta.

Kuhusu Mwache, mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kiasi kwamba mikoko mikubwa ilifukiwa vipumulio na kufa ikiwa imesimama. Ardhi iliyoinuliwa hivyo si ya mkoko tena. Ijaribuni kwa mchu na mkandaa, au kama maji hayaifikii kabisa, ikubalini kuwa imekwisha kuwa nchi kavu.

FundiKitaluUkunda amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia kuhusu jasi, lakini naona ni mapema mno kukitupa kijitabu chote. Niliwahi kufanya kazi ya vitalu katika urejeshaji wa ardhi ya mchanga wa madini huku Kwale, na kwa maoni yangu sehemu ya Marekani inayostahili kuigwa ni ile ya sheria.

Sheria yao ya mwaka 1977 kuhusu uchimbaji wa makaa ya mawe wa juu ya ardhi inamlazimu mchimbaji autenge udongo wa juu na kuurudisha, na haimwachilii siku ya kupanda. Wajibu wake huendelea kwa miaka isiyopungua 5 baada ya kazi ya mwisho ya kupanda na kutia mbolea, na mahali ambapo mvua ya mwaka haizidi milimita 660 hivi, miaka isiyopungua 10. Dhamana yake ya fedha haiachiliwi yote mpaka muda huo utimie na mimea ionekane imesimama yenyewe. Sisi pia Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya mazingira, kwa hiyo wazo lenyewe si geni kwetu. Lakini miradi ya mikoko, ambayo aghalabu haihusiani na leseni yoyote, bado hupimwa kwa idadi ya miche iliyochomekwa siku ya sherehe, wageni wakiwa na fulana mpya.

Katika mchanga wa titani, ambao ulichimbwa Kwale kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, somo kubwa kwangu lilikuwa kwamba kuuosha mchanga na kuutenga na udongo laini kunaacha ardhi isiyoshika maji wala rutuba. Mti ukipandwa hapo utachipua kwa mvua za masika na kukauka kiangazi, na anayehesabu mwezi Juni ataandika kwamba amefaulu. Mwambieni mfadhili kwamba mnataka alipie hesabu ya mwaka wa tatu na wa tano. Akikataa, mtakuwa mmeujua undani wake mapema.

MkaaMiritini ameandika tena:

Nawashukuru sana, Maalim, dada wa Gazi na fundi wa Ukunda. Suala la jasi nimelifuta, na hesabu ya mwaka wa tano nitaiweka kwenye bajeti hata kama itaongeza gharama. Limebaki moja. Baadhi ya vijana wetu wanapendekeza tulilime lile tope la mafuta kwa majembe ili hewa iingie na mafuta yaoze upesi, kwa hoja kwamba kijitabu kinasema udongo wa mbugani hulimwa. Je, ni salama?

MaalimTudor amejibu:

Wazuieni, ndugu yangu, kwa upole lakini kwa uthabiti. Mbugani ukilima udongo uliomwagikiwa mafuta, hewa huingia na hubaki, kwa kuwa udongo una vitundu na maji huteremka chini. Tope la mikoko likilimwa hujaa maji tena bamvua inayofuata. Mtakuwa mmeyasukuma mafuta chini zaidi, mmekata mizizi ya miti iliyobaki pembezoni na kubomoa mashimo ya kaa, ambayo ni mojawapo ya njia za hewa kufika chini. Tena mafuta yaliyotibuliwa yatasafiri na maji hadi kwenye miti mizima ya jirani.

Badala yake, chukueni tope la kipande hicho mlitie kwenye mifuko ya kitalu, na mifuko mingine mtie tope la mahali ambapo mikoko imestawi. Pandeni humo mbegu za mchu na za mkoko zilizookotwa chini ya miti hiyo hiyo mama, muiweke mifuko yote mahali pamoja panapofikiwa na maji. Angalieni majani yakifunguka: yakidumaa au yakijikunja katika tope la mafuta peke yake, kipande hicho kiachwe kwa sasa na fedha ziende Mwache. Yakifunguka sawa katika mifuko yote, basi mafuta yamekwisha kupungua nguvu, na pengo hilo lina sababu nyingine, kama vile ukataji wa boriti au kimo cha ardhi. Kimo mtakipima bila chombo cha gharama: simikeni vijiti kuanzia kwenye mikoko iliyo hai hadi katikati ya ardhi tupu, kisha mtie alama mahali maji yanapofika siku ya bamvua na siku ya maji mafu, bahari inapojaa kidogo.

Kabla ya kusimika hata kijiti, pitieni ofisi ya misitu ya kaunti mkapate idhini kwa maandishi, kwa kuwa mikoko ni msitu wa umma, na mtu akiwakuta mkichukua tope na mbegu humo bila karatasi hataulizia nia yenu.