Kibali cha septiki: kinachokaguliwa ni karatasi au shimo?

Mjengaji wa Mpakani
Nauliza kwa roho safi, nijibuni bila matusi. Nimejenga nyumba ya vyumba vitatu huku mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka. Bomba la maji safi limefika, la maji taka halipo wala silitarajii. Kwa hiyo ni septiki, tangi la maji taka la kuchimbia uani. Nikaambiwa bila ramani yenye mhuri nisiguse udongo. Miezi mitano nimezunguka na ramani hiyo. Leo mpangaji wa mji kasafiri, kesho mhandisi anataka nakala tatu, keshokutwa faili limepotea. Mara limeonekana, ila sasa linadai "nauli". Kibali kinatoka, mimi nimeshachimba na kufunika. Hakuna aliyekuja kuchungulia shimo. Mpaka leo hakuna ofisi inayojua kama chini nilimwaga zege au niliacha udongo mtupu.

Sheria naijua. Ile ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 inataka kibali kabla ya kujenga, na kingine kabla ya kuhamia. Lakini kwa septiki ya nyumba moja, mlolongo wote huu wa nini? Bwana afya na mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, wasingetosha?

Fundi Tofali
Wangetosha kabisa. Nimejenga septiki za wenye vibali na za wasio navyo, na makosa ni yaleyale. Mteja anakuvuta pembeni: "Fundi, chini usiweke zege, maji yajiendee, sitaki habari za lori la kunyonya." Miaka kumi baadaye anajisifu septiki yake haijawahi kujaa. Haijai kwa sababu inavuja, mzee!

Kwa asiyejua: tangi huwa na vyumba viwili, cha kwanza kikubwa. Uchafu mzito unazama, mafuta yanaelea, na kiungo cha T kinachota maji ya katikati na kuyapeleka kwenye shimo la kufyonza. Hicho kiungo ni bei ya chakula cha mchana, lakini ndicho cha kwanza kukatwa kwenye hesabu. Kisipokuwepo, mafuta yanapita moja kwa moja na kuziba udongo wa shimo, na uani panaanza kutota. Kwenye ramani kipo, kimechorwa vizuri sana.

Mama Kisima
Samahani fundi, mimi siko upande wenu. Jirani yangu ana kibali, mhuri juu, sahihi chini. Septiki yake iko nyuma ya ukuta wangu, hatua kumi na moja kutoka kisimani. Nimezihesabu mwenyewe kwa miguu. Masika yakianza, maji yanabadilika harufu. Nachemsha, nawapa wajukuu, namwomba Mungu.

Kipimo tunachoambiwa ni mita 30 kati ya choo na kisima. Sasa ploti zetu ni futi 50 kwa 100, yaani kama mita 15 kwa 30. Mita 30 ni urefu wa ploti nzima, kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka! Ramani ya jirani ilionyesha ploti yake tu. Kisima changu hakimo, kwa hiyo ofisini hakipo. Walipima kila kitu ndani ya mawe yake, na maji machafu hayajui mawe yako wapi.

Kwa hiyo mimi sitaki kibali kipungue. Nataka kivuke ukuta.

Mkato
Kila kibali ni mlango wa chai. Ongezeni wakaguzi, mtaongeza vikombe.

Mstaafu wa Afya
Nilikuwa bwana afya miaka mingi, nikizunguka na baiskeli na kamba ya kupimia, kwa hiyo naomba nivumiliwe kidogo.

Mama ana haki. Wajibu wa kuzuia uchafu wa nyumba moja usidhuru nyingine haukuanza 2013. Umo kwenye Sheria ya Afya ya Umma ya 1935, ya enzi za mkoloni. Ila Mjengaji naye hajakosea: ramani haijawahi kunusa kitu. Udongo unapimwa kwa jembe. Unachimba kishimo pale shimo la kufyonza litakapokaa, unakijaza maji, unayaacha yanywewe, asubuhi unajaza tena na kutazama saa. Murramu nyekundu, ule udongo wa changarawe, inayanywa ukiwa umesimama. Udongo wa mfinyanzi wa karibu na kinamasi unakuachia maji mpaka uende ukale na urudi. Nyumba mbili zinaweza kuwa na ramani moja, na moja ikafurika kabla ya Krismasi.

Hilo la LC1 peke yake nalikataa. Mwenyekiti anaishi kwa kura. Utamkatalia nani shimo, mpiga kura wako au shemeji yako? Nimeyaona hayo, na yalinigharimu urafiki. Mwaka 2015 taifodi ilipoishika Kampala, waliougua walikuwa maelfu, na walionyoshewa kidole ni maji na juisi za mitaani. Mambo haya hayafai kuachiwa ujirani mwema peke yake.

Mpangaji wa Bwaise
Mnajadili mambo ya wenye ploti. Kampala yenyewe nyumba zilizounganishwa na bomba kuu la maji taka hazifiki moja katika kumi. Huku kwetu ukichimba koleo mbili maji yanakuchungulia. Choo kinajengwa juu kwa ngazi, na mvua kubwa ikianza usiku mtu anazibua tundu la nyuma, vyote vinaenda na mtaro. Lori haliwezi kupita, wanakuja vijana na pampu ya mkono na mapipa, wanachota kinachochoteka, kinapelekwa Lubigi, kwenye mtambo wa kusafisha maji taka uliofunguliwa 2014.

Halafu kibali kinataka uthibitisho wa umiliki. Mwenye kibanja, yaani aliyejenga kwenye ardhi ya mailo ambayo ni mali ya mtu mwingine, hana hati, hati iko kwa mwenye ardhi, na pengine hawasemezani. Kwa hiyo hata mwenye nyumba wangu akitaka kufuata sheria, anaanzia wapi? Anajenga Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa.

Mjengaji wa Mpakani
Mama Kisima, umenigeuza nusu. Nusu nyingine bado ni kichwa ngumu.

Sioni kwa nini kila mtu alipie mchoro mpya wa kitu kilekile. Ofisi itoe michoro miwili mitatu iliyokwisha pitishwa, uchague kulingana na watu wa nyumbani. Hati isiwe sharti, majirani waweke sahihi. Kwenye fomu uchorwe kila kisima na chemchemi ndani ya mita 30, hata vya ng'ambo ya ukuta. Na pesa ya kibali iwe ya kumleta bwana afya mara moja tu, kabla ya kufunika: tangi lijazwe maji, lilale, asubuhi aone kama yamepungua.

Fundi Tofali
Lijazwe na nani? Tangi la lita elfu kumi ni jerikeni 500. Kiangazi, mzee? Mteja atanifukuza.

Mstaafu wa Afya
Weka alama ya chaki ukutani, jaza chumba kimoja hadi nusu. Kama sakafu inavuja, itavuja tu.

Mama Kisima
Na wewe Mjengaji, zege ulimwaga?

Mjengaji wa Mpakani
Nilimwaga, mama. Na kiungo cha T kipo. Ila shimo la kufyonza nililisogeza upande wa msikiti ili lisiwe chini ya dirisha, na msikitini kuna kisima cha udhu. Sijapima.

Mama Kisima
Kapime.