Ushauri: barua za watoto wa P3 zimenitia matatani

Mwalimu_Jinja: Habari wanajamvi. Nafundisha P3, yaani darasa la tatu la msingi, hapa Uganda. Nilitaka watoto wajue kuandika barua ya kumshawishi mtu, si ile ya "natumaini u mzima" tu. Basi nikabandika bahasha kwenye mwembe wa shule: mwembe unawaomba wautetee usikatwe. Darasa zima likachangamka, wakamwandikia mwalimu mkuu. Sasa mkuu kaninunia. Mchezo niuendeleze au niuache?

Mzee_Mbale: Hongera dada. Enzi zetu tulinakili ubaoni, ukiruka koma unakula kiboko. Mimi nilimwandikia mjomba Kampala kuomba viatu, akaniletea Biblia.

Mama_Pacha: Adabu kwanza. Leo mwembe, kesho watakuandikia wewe ufute mtihani.

Boda_Msomi: Mwalimu, mkuu ananunaje kwa mchezo? Huo mti unakatwa kweli?

Mwalimu_Jinja: Ndiyo, panajengwa darasa. Kwenye kikao nilipinga, nikashindwa. Lakini watoto sikuwaambia cha kuandika! Niliwauliza tu: huyu atakayesoma anajali nini? Mmoja kaandika: "Mkuu, mwembe ukikatwa pikipiki yako itashinda juani, kiti kitakuunguza." Hiyo si hoja?

Mama_Pacha: Kumbe unapigana vita vyako kwa mikono ya watoto.

Mwalimu_Jinja: Sijamtuma mtu. Na barua nimeshampelekea mwenyekiti wa kamati ya shule, kwa hiyo msiniambie nizirudishe.

Boda_Msomi: Sasa unaomba ushauri wa nini?

Mjuaji256: Chai hii. Mtaala wa Uganda wa tangu 2007 unataka P1 hadi P3 wasome kwa lugha ya nyumbani. Mtoto wa Jinja kaipatia wapi "kitakuunguza"?

Mwalimu_Jinja: Waliandika Kisoga, nimewafasiria ninyi.

Mjuaji256: Weka picha.

Mwalimu_Jinja: Barua zina majina ya watoto. Siweki.

Mzee_Mbale: Mwembe wenyewe wa embe gani? Kama ni zile za nyuzinyuzi, ukatwe tu.

Boda_Msomi: Bandika bahasha nyingine, safari hii liandike darasa jipya: "Wenzenu wanabanana kwenye dawati, mbona hamnitaki?" Kisha waache watoto waijibu. Wakishajua kutetea pande zote mbili, hakuna wa kukushutumu.

Mwalimu_Jinja: Hilo nalichukua. Ila kesho asubuhi nimeitwa ofisini.

Mjuaji256: Basi piga picha ya pikipiki.