Nimerudishwa nyumbani mara mbili na kidole tumbo, na mara zote mbili hakuna aliyeniambia nirudi nikiona nini

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Hii ni wiki ya tano tangu nipasuliwe kidole tumbo na bado kidonda kinasafishwa kila siku. Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Akija amenyoosha mikono nimbebe, inabidi nikae chini ndipo apande mwenyewe mapajani, kwa sababu kumnyanyua siruhusiwi. Sehemu kubwa ya mateso haya ingezuilika kama mtu mmoja tu mwenye koti jeupe angenipa dakika mbili za maelezo.

Ilianza jioni. Maumivu yalikuwa kwenye kitovu, si makali, kama tumbo lililojaa gesi. Chakula nikakishindwa hata kukitazama, na usiku nikatapika mara mbili. Asubuhi nikaenda hospitali. Daktari wa zamu akaniuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, akaniuliza kama nina vidonda vya tumbo, akanibonyeza mara moja juu ya nguo, akaandika dawa ya gesi na ya kutuliza maumivu. "Utakuwa sawa," akasema, na mwingine akaitwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Simlaumu kwa kutoujua ugonjwa saa ile. Nimeelezwa baadaye kwamba siku ya kwanza kidole tumbo kinaweza kumpoteza hata daktari mzuri, maana maumivu huanza katikati na kushuka upande wa kulia saa kadhaa baadaye. Basi kama jambo hilo linajulikana, mgonjwa anaachwaje aondoke bila kuambiwa "maumivu yakihamia kulia chini, au homa ikianza, rudi leo hii hii, usisubiri kesho"? Ni maneno machache tu! Hayahitaji kipimo wala mashine.

Mchana yakahamia kulia chini. Nikawa natembea nimeinama, mkono kwenye kinena. Mume wangu akasema turudi, mimi nikakataa. Daktari kasema ni gesi, nikamwambia, ngoja dawa ifanye kazi. Usiku, wakuu, maumivu yakapungua ghafla. Nikamshukuru Mungu nikalala. Kumbe ndipo kilipopasuka. Daktari wa upasuaji alinieleza baadaye kwamba kikipasuka shinikizo la ndani hushuka na mtu anaweza kupata nafuu ya muda mfupi, kisha uchafu unasambaa tumboni na balaa lenyewe linaanza. Niliamka natetemeka, tumbo lote gumu kama ubao. Njiani kila gari lilipopita kwenye tuta nililia kama mtoto.

Daktari wa mara ya pili alinilaza chali, akabonyeza kulia chini polepole, kisha akauachia mkono ghafla. Alipobonyeza niliuma meno. Alipoachia nilipiga kelele wodi nzima ikageuka. Hakuhitaji kuniuliza zaidi. Akaagiza damu, mkojo, kipimo cha mimba na ultrasaundi, na baada ya muda si mrefu nikachomwa nusukaputi.

Nimekuwa na wiki nyingi za kulala na kusoma. Mwaka 1886 daktari Reginald Fitz kule Marekani alishaeleza jinsi kidole tumbo kinavyovimba na kutoboka, na akasisitiza kitambuliwe na kukatwa mapema. Mwaka 1889 Charles McBurney akaonyesha mahali penyewe pa kubonyeza: chora mstari kutoka ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, theluthi ya kwanza kutoka kwenye mfupa, hapo. Zaidi ya miaka 130 kidole cha daktari kinajua pa kwenda, na mimi nikabonyezwa juu ya nguo.

Wodini sitadhulumu mtu. Kuna nesi wa usiku ambaye nitamwombea hadi nife. Kesho yake tu baada ya upasuaji alinisimamisha, na mrija wa kutoa uchafu unaning'inia ubavuni, akanitembeza hatua kumi hadi dirishani na kurudi. Alinieleza kwamba kutembea kunazuia damu kuganda miguuni na kunasaidia mapafu. Kila zamu aliniuliza kama nimejamba, na siku nilipojibu ndiyo alifurahi kama nimefaulu mtihani, kwa sababu hiyo ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka. Akanifundisha kuukumbatia mto na kuubana kwenye kidonda kabla ya kukohoa. Jambo dogo hilo, lakini bila mto ule kila kikohozi kilikuwa kama nachanwa upya. Dada wa kitanda cha jirani alipasuliwa kwa matundu madogo, akawa analia bega linamuuma hadi akaamini ni moyo. Nesi huyo huyo ndiye aliyemweleza kwamba ni gesi ya kaboni dioksidi waliyojaza tumboni wakati wa upasuaji. Inausumbua msuli ulio chini ya mapafu na maumivu yanasikika begani, na yataisha baada ya siku chache. Dada alinyamaza kulia hapo hapo. Maelezo tu yalimtuliza.

Bahati mbaya siku ya nne nilipopewa ruhusa, nesi huyo hakuwa zamu. Nilipewa vidonge kwenye bahasha na nikaambiwa: pumzika, usiloweshe kidonda, rudi siku ya kumi kutoa nyuzi. Nikauliza, "Kuna kitu cha kuangalia nikiwa nyumbani?" Yule daktari alikuwa ameshafika kitanda kinachofuata na hakugeuka.

Siku ya saba ngozi pembeni mwa mshono ikawa nyekundu na ya moto. Plasta ikalowa maji ya manjano yenye harufu. Jioni homa ikafika 38.4. Nikadhani ndivyo vidonda vinavyopona, na tarehe yangu ilikuwa imebaki siku tatu, nikasubiri. Siku ya tisa niliinama kuokota kiatu cha mtoto, nikasikia joto linatiririka tumboni. Nilipofunua nguo, usaha ulikuwa unamwagika hadi pajani na mtoto amesimama mbele yangu ananitazama.

Na mnajua neno la kwanza nililoambiwa nilipofika? "Mbona umechelewa namna hii?" Mbele ya watu! Nimechelewa kwa kipimo gani, wakati mliniambia siku ya kumi na mimi nimekuja siku ya tisa?

Nyuzi zilifunguliwa, usaha ukakamuliwa, kidonda kikaachwa wazi kijazwe shashi kila siku ili kipone kutoka chini kuja juu. Huko ndiko niliko hadi leo.

Kwa hiyo wewe ambaye una mtu wodini sasa hivi, usimtoe kabla hujamshika daktari mkono na kumuuliza. Wekundu unaotanuka, uvimbe, usaha au harufu, homa ya 38 na kuendelea, tumbo kuvimba, kutapika tena, maumivu yanayozidi badala ya kupungua: yoyote kati ya hayo ni kurudi siku hiyo hiyo, hata kama tarehe yako bado. Hasa kama kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, kwa sababu jipu la ndani hupenda kujitokeza wiki ya kwanza au ya pili wakati wewe unajiona umeshapona. Muulize pia lini utabeba kitu kizito. Mimi niliambiwa wiki sita, na niliambiwa baada ya kuwa nimeshanyanyua ndoo. Na muulize kuhusu choo, maana baadhi ya dawa kali za maumivu zinafunga choo, na kujikamua ukiwa na mshono mbichi sikutakii.

Barua ya malalamiko nimeshaipeleka, nimeandika majibu niliyopewa neno kwa neno na tarehe zake. Sijataka fidia. Nimeomba karatasi moja iliyochapwa, apewe kila anayetoka wodi ya upasuaji, yenye dalili za kurudi na namba ya kupiga usiku. Bado sijajibiwa.

Waliopasuliwa humu, siku ya kuruhusiwa mliambiwa nini hasa? Andikeni kama mlivyoambiwa, hata kama ni neno moja. Nataka kuviambatanisha kwenye barua ya pili.